Denis Burkitt

Denis Parsons Burkitt (Enniskillen, leo Eire ya Kaskazini, 28 Februari 1911 – Gloucester, Uingereza, 23 Machi 1993) alikuwa daktari mpasuaji aliyefanya kazi nchini Uganda kuanzia mwaka 1946 hadi 1966.

Anajulikana hasa kwa kueleza saratani ya watoto iliyopewa jina lake, yaani limfoma ya Burkitt, na kwa kuchora ramani ya maeneo ya Afrika inakopatikana. Kazi hiyo iliwawezesha watafiti wa London kutambua mwaka 1964 kirusi cha Epstein-Barr, ambacho ni kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Kutokana na ugunduzi huo wanasayansi walianza kutafuta virusi katika saratani nyingine, na mmoja wao alifikia chanzo cha saratani ya mlango wa kizazi.

Maisha ya awali

Burkitt alizaliwa katika familia ya Kiprotestanti. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi wa barabara na madaraja wa jimbo la Fermanagh. Wakati wa mapumziko alichunguza ndege wadogo wa bustanini: aliwavisha pete miguuni na kuchora ramani zinazoonyesha kila ndege anatawala eneo gani. Kazi hiyo ilimpatia heshima kati ya wataalamu wa ndege. Miaka mingi baadaye mwanawe alitumia mbinu inayofanana nayo kwa kuchunguza magonjwa.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa wavulana. Miwani yake ilivunjika na jicho la kulia likapotea. Aliishi na jicho moja maisha yake yote yaliyobaki.

Mwaka 1929 alijiunga na Chuo cha Trinity mjini Dublin ili asomee uhandisi kama baba yake. Baada ya muda mfupi alihamia masomo ya udaktari, kwa kuwa imani yake ya Kikristo ilimfanya aone kwamba ameitwa kuwa daktari. Alihitimu mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata sifa ya upasuaji huko Edinburgh. Baadaye alifanya kazi kama daktari wa meli.

Alipoomba kuajiriwa kama daktari katika makoloni ya Uingereza barani Afrika alikataliwa, kwa sababu mpasuaji mwenye jicho moja hakuaminika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alijiunga na kikosi cha tiba cha jeshi mwaka 1941, akatumwa Kenya, Somalia na Ceylon (leo Sri Lanka). Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi. Wakajaliwa mabinti watatu.

Kazi nchini Uganda

Baada ya vita aliomba tena, akakubaliwa na kupelekwa Uganda mwaka 1946. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Lira, katika nchi ya Walango, ambako alihudumia eneo kubwa akiwa na wasaidizi wachache.

Huko aliona jambo lililomshangaza. Wanaume wengi wa upande wa mashariki wa wilaya walikuwa na mabusha, wakati upande wa magharibi ugonjwa huo ulikuwa nadra. Aliandika makala kuhusu tofauti hiyo. Mabusha hutokana na minyoo inayoenezwa na mbu, kwa hiyo mahali mtu anapoishi panaweza kueleza ugonjwa alio nao. Hilo lilikuwa somo la kwanza.

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala, katika Hospitali ya Mulago, iliyokuwa hospitali ya kufundishia ya Chuo cha Makerere.

Watoto wenye uvimbe wa taya

Mwaka 1957 Hugh Trowell, daktari mwenzake wa Mulago, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano hivi. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini, meno yamelegea na uso umeharibika. Uvimbe wa usaha huanza mahali pamoja, na saratani ya kawaida ya mfupa hukaa upande mmoja. Huu ulikuwa mahali panne kwa wakati mmoja, na Burkitt hakuwa na maelezo.

Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja. Alipochungulia dirishani alimwona mtoto mwingine aliyekaa nje na mama yake, akiwa na uso uliovimba vivyo hivyo. Alitoka kumpima akakuta uvimbe pia ndani ya tumbo. Wagonjwa wawili wa namna hiyo katika muda mfupi hawakuweza kuwa bahati tu. Alianza kupekua majalada ya hospitali na kumbukumbu za vyumba vya maiti.

Aligundua kwamba uvimbe wa taya, wa figo, wa ini na wa tezi nyingine, ambao hadi hapo ulihesabiwa kuwa magonjwa mbalimbali, ulitokea mara kwa mara ndani ya mwili wa mtoto yuleyule. Katika wasichana kiungo kilichoathiriwa mara nyingi kilikuwa ovari, na kwa kawaida ovari zote mbili pamoja. Kwa sababu hiyo limfoma ya Burkitt hutajwa pia kati ya saratani zinazoshambulia viungo vya uzazi vya wasichana katika nchi za joto, ingawa haianzii katika seli za ovari zenyewe kama ilivyo kwa saratani ya ovari ya wanawake watu wazima.

Uvimbe huo hukua haraka kuliko karibu kila saratani nyingine ya binadamu. Unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Bila tiba, mtoto alifariki baada ya miezi michache. Upasuaji, ambao ndio uliokuwa kazi ya Burkitt, haukusaidia.

Mwaka 1958 alichapisha makala yake ya kwanza kuhusu ugonjwa huo katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wataalamu wa patholojia wa Kampala, hasa Jack Davies na Gregory O'Conor, walionyesha kwamba aina hizo zote za uvimbe zilikuwa saratani moja, yaani limfoma, inayoanzia katika chembe nyeupe za damu. Ugonjwa wenyewe haukuwa mpya. Albert Cook, mmisionari mganga aliyeanzisha hospitali ya Mengo mwishoni mwa karne ya 19, alikuwa ameandika habari za wagonjwa wenye uvimbe wa taya miongo mingi kabla. Burkitt alikuwa wa kwanza kuona kwamba dalili hizo zote ni ugonjwa mmoja.

Safari ndefu

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unaishia wapi. Alipewa ruzuku ya pauni 25. Kwa fedha hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazituma kwa hospitali za serikali na za misheni barani Afrika zikiwa na swali rahisi: je, mmeona ugonjwa huu? Majibu aliyaweka kwenye ramani kwa alama ndogo.

Alama zilijipanga kama mkanda unaokata bara kutoka magharibi hadi mashariki, kaskazini na kusini ya ikweta, wenye mkia ulioteremka upande wa mashariki hadi Msumbiji. Eneo hilo likaitwa ukanda wa limfoma.

Ili kujua mpaka wa kusini, Burkitt aliamua kwenda mwenyewe. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala pamoja na madaktari wamisionari wawili, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva, West Nile, aliyejua pia kutengeneza magari, na Cliff Nelson. Walisafiri kwa gari kuukuu lililonunuliwa kwa pauni 250. Kwa muda wa wiki 10 walipita maili 10,000 hivi, yaani takriban kilomita 16,000, wakatembelea karibu hospitali 60. Walipitia Tanganyika, iliyokuwa inasubiri uhuru wake wa Desemba mwaka huohuo, wakaendelea katika nchi za kusini kama Nyasaland (leo Malawi), Rhodesia na Msumbiji hadi Afrika Kusini.

Katika kila hospitali waliuliza swali lilelile na kuonyesha picha zilezile. Mahali pengine waliambiwa kwamba watoto wa namna hiyo huletwa kila mwaka. Mahali pengine, baada ya mwendo wa saa chache tu, hakuna aliyewahi kuwaona.

Mwinuko, joto na malaria

Burkitt alidhani kwanza kwamba kizuizi ni mwinuko. Karibu na ikweta ugonjwa haukuonekana juu ya mita 1,500 hivi. Lakini kadiri walivyoelekea kusini kikomo hicho kilishuka. Alexander Haddow, mtaalamu wa virusi vya mbu aliyefanya kazi Entebbe, aliona kwamba kinachohusika ni joto: ugonjwa haukuwepo mahali ambapo halijoto hushuka chini ya nyuzi 15 au 16 za Selsiasi. Baadaye mvua pia ilionekana kuwa muhimu, kwa kuwa maeneo makavu hayakuwa na wagonjwa.

Namna ramani hiyo inavyofanya kazi inaeleweka kwa kutazama kusini mwa Tanzania, katika Mkoa wa Ruvuma. Mwambao wa Ziwa Nyasa, penye Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, uko mita 475 hivi tu juu ya usawa wa bahari. Kuna joto mwaka mzima na mbu ni wengi. Kutoka hapo nchi inapanda ghafla hadi milima ya Umatengo katika Wilaya ya Mbinga, ambako vijiji kama vya Mbuji hulima kahawa na mashamba ya ngolo katika hewa ya baridi, na vilele hupita mita 1,500. Umbali kati ya ziwa na milima ni mdogo, lakini katika hesabu za Burkitt pande hizo mbili ni maeneo mawili tofauti ya ugonjwa.

Joto na mvua ndivyo vinavyohitajiwa na mbu. Mwanzoni Burkitt na Haddow walidhani kwamba mbu husambaza kirusi cha saratani moja kwa moja. Maelezo hayo hayakuwa sahihi. Gilbert Dalldorf, mtaalamu Mmarekani, alitoa wazo kwamba mbu huhusika kwa kuleta malaria, na malaria kali ya mara kwa mara humwandaa mtoto kupata limfoma. Burkitt aliukubali mtazamo huo na kuutetea katika maandiko yake ya mwaka 1969.

Kutambuliwa kwa kirusi

Tarehe 22 Machi 1961, miezi michache kabla ya safari ndefu, Burkitt alitoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex huko London. Kati ya wasikilizaji alikuwemo Anthony Epstein, aliyechunguza kirusi kinacholeta saratani kwa kuku. Kirusi hicho kilielezwa na Peyton Rous wa New York mwaka 1911, mwaka uleule aliozaliwa Burkitt, lakini kwa nusu karne madaktari wengi walisadiki kwamba mambo ya kuku hayamhusu binadamu. Epstein aliposikia kwamba kuna saratani ya watoto inayofuata joto na mvua, alielewa kwamba huenda kuna kiumbe kinachoambukiza.

Walikubaliana kwamba Burkitt atatuma vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Mwishoni mwa mwaka 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu, na sampuli ikafika kwa kuchelewa ikiwa na maji yaliyochafuka. Badala ya kuitupa, Epstein aliitazama akaona kwamba uchafu huo ni seli hai za saratani zinazoelea. Akiwa na Yvonne Barr kutoka Eire na Bert Achong kutoka Trinidad, alifaulu kuzikuza katika maabara. Mwaka 1964 hadubini ya elektroni ilionyesha kirusi ndani yake, cha jamii ya virusi vya hepesi, ambacho hakikuwa kimejulikana. Kiliitwa kirusi cha Epstein-Barr, kwa kifupi EBV.

Matibabu

Kwa kuwa upasuaji haukusaidia, na Uganda wakati huo haikuwa na mashine za mionzi, Burkitt alianza kujaribu dawa mapema katika miaka ya 1960. Alishirikiana na Joseph Burchenal wa New York, aliyempatia dawa kama methotreksati. Alitumia pia siklofosfamidi na vinkristini. Baadhi ya watoto walipona baada ya dozi chache, na wengine wakaendelea kuwa hai miaka mingi. Limfoma ya Burkitt ikawa kati ya saratani za kwanza kuonyesha kwamba dawa pekee zinaweza kuponya.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma kilifunguliwa Mulago, nacho kikakua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kirusi cha wote, ugonjwa wa wachache

Ugunduzi wa mwaka 1964 ulizaa swali gumu. Mwishoni mwa muongo huo Werner na Gertrude Henle wa Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba EBV imo kwa watu wazima karibu wote duniani. Huenezwa kwa mate, na barani Afrika watoto wengi huipata katika miaka ya kwanza ya maisha. Baada ya kuingia mwilini haitoki tena. Hukaa kimya ndani ya chembe nyeupe za damu hadi kifo. Ikiwa karibu kila mtu anayo, kwa nini ni wachache wanaopata saratani?

Utafiti mkubwa ulifanyika West Nile, Uganda, katika miaka ya 1970. Damu ilichukuliwa kutoka kwa watoto takriban 42,000, kisha wakafuatiliwa. Waliopata limfoma baadaye walikuwa wameonyesha kingamwili nyingi zaidi dhidi ya EBV tangu kabla ya ugonjwa. Hivyo ilithibitishwa kwamba maambukizi hutangulia saratani.

Nchini Tanzania, katika eneo la Mara Kaskazini, watoto walipewa klorokwini kuanzia mwaka 1977 hadi 1982 ili kuona kama kupunguza malaria kutapunguza limfoma. Wagonjwa walipungua, lakini upungufu ulikuwa umeanza kabla ya dawa, na vimelea vya malaria vilizidi kuizoea klorokwini. Jaribio halikutoa jibu la mwisho.

Leo inaeleweka kwamba malaria ya mara kwa mara huchochea chembe zinazobeba EBV zigawanyike kupita kiasi, na papo hapo hudhoofisha kinga inayozidhibiti. Kila mgawanyiko ni nafasi ya kosa katika kromosomu, na kosa moja maalumu linalowasha jeni iitwayo MYC hugeuza chembe kuwa saratani. Kirusi ni sharti mojawapo, lakini peke yake hakitoshi.

Miaka ya mwisho

Burkitt alirejea Uingereza mwaka 1966. Huko aliendelea kulinganisha magonjwa na mahali, ila sasa alitazama chakula. Alikuwa ameona kwamba saratani ya utumbo mpana na magonjwa mengine ya tumbo yaliyojaa London yalikuwa nadra katika vijiji vya Uganda. Pamoja na Trowell alidai kwamba tofauti hiyo inatokana na nyuzinyuzi zilizomo katika nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga. Vitabu na mihadhara yake vilibadilisha ulaji wa watu wengi Ulaya na Amerika. Wengine walimlaumu kwa kueleza magonjwa mengi mno kwa sababu moja.

Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Shirika la Kifalme la London na kupewa sehemu ya Tuzo ya Lasker kwa ajili ya tiba ya limfoma. Mwaka 1992 alipewa Tuzo ya Bower huko Philadelphia. Alifariki Gloucester tarehe 23 Machi 1993 baada ya kupatwa na kiharusi.

Urithi: kutoka limfoma hadi saratani ya mlango wa kizazi

Kati ya vijana waliofanya kazi na akina Henle huko Philadelphia alikuwepo Mjerumani Harald zur Hausen (1936–2023). Mwaka 1970 alionyesha kwamba DNA ya EBV imo ndani ya seli za limfoma ya Burkitt hata pale ambapo kirusi chenyewe hakionekani. Alitambua kwamba kirusi kinaweza kujificha ndani ya saratani bila kuacha alama nyingine isipokuwa jeni zake.

Zur Hausen alilichukua wazo hilo na kulitumia kwa saratani ya mlango wa kizazi, iitwayo pia saratani ya shingo ya kizazi. Wakati huo wataalamu wengi walishuku kirusi cha hepesi ya sehemu za siri. Yeye alikitafuta hakukipata, akageukia virusi vya papiloma ya binadamu, yaani HPV. Mwaka 1983 kundi lake lilitambua aina ya 16, na mwaka 1984 aina ya 18. Aina hizo mbili husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008.

Mfano wa limfoma ya Burkitt unafanana na wa saratani hii kwa jambo moja kubwa: maambukizi ni ya wengi, saratani ni ya wachache. Wanawake wengi huambukizwa HPV wakati fulani baada ya kuanza kujamiiana, na kwa wengi wao kinga ya mwili hukimaliza kirusi katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Hatari iko kwa wale ambao maambukizi yanadumu. Protini za kirusi hulemaza walinzi wa seli wanaozuia mgawanyiko holela, na baada ya miaka 15 hadi 20 saratani inaweza kutokea.

Kama malaria inavyofungua njia kwa EBV, ndivyo udhaifu wa kinga unavyofungua njia kwa HPV. Wanawake wanaoishi na VVU wana hatari ya mara sita hivi ya kupata saratani ya mlango wa kizazi kuliko wengine, na kwao ugonjwa unaweza kuja mapema zaidi. Uvutaji wa sigara pia huongeza hatari.

Si kila saratani ya viungo vya uzazi ina kirusi nyuma yake. Saratani ya mlango wa kizazi karibu yote hutokana na HPV, na sehemu ya saratani za uke na za mashavu ya uke pia. Kwa saratani ya kawaida ya ovari na ya mji wa mimba hakuna kirusi kilichothibitishwa kuwa chanzo. EBV imeonekana katika baadhi ya sampuli za saratani ya mlango wa kizazi, lakini haijathibitishwa kwamba inaisababisha.

Tofauti kubwa kati ya virusi hivyo viwili iko katika kinga. Mpaka sasa hakuna chanjo ya EBV inayotumika, bali dhidi ya HPV ipo. Uganda iliingiza chanjo hiyo katika ratiba ya taifa mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Tanzania ilianza na wasichana wa miaka 14. Mwaka 2024 ilipanua huduma kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa dozi moja. Kwa wanawake ambao tayari wanaweza kuwa wameambukizwa, uchunguzi hutambua mabadiliko kabla hayajawa saratani. Njia inayotumika sana katika vituo vya afya vya Afrika Mashariki ni kupaka siki ya maabara kwenye mlango wa kizazi: sehemu yenye kasoro hugeuka nyeupe na inaweza kutibiwa siku hiyohiyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliweka malengo ya kufikiwa ifikapo 2030: asilimia 90 ya wasichana wawe wamechanjwa kabla ya kutimiza miaka 15, asilimia 70 ya wanawake wachunguzwe, na asilimia 90 ya wenye ugonjwa watibiwe.

Hata hivyo saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa kuua wanawake wenye saratani nchini Tanzania, hasa kwa sababu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshaenea. Kwa mwanamke wa mwambao wa Nyasa au wa milima ya Umatengo, hospitali yenye mionzi ni safari ya siku nzima au zaidi, wakati kipimo cha awali kinaweza kufanywa na muuguzi aliyefunzwa katika kituo kilicho karibu. Kwa saratani hii mpaka kati ya walio salama na walio hatarini haupangwi na mwinuko wala mvua, bali na chanjo na huduma ya uchunguzi.

Jina la Burkitt limebaki katika vitabu vya tiba duniani kote. Watoto wa Kampala na Jinja, wazazi waliokubali wachunguzwe, na wauguzi wa hospitali za vijijini waliojibu maswali yake hawamo katika jina la ugonjwa, ingawa ramani yake ilijengwa kwa majibu yao.